Ukucha mnene wa njano si lazima uwe fangasi

Pole dada unayeuliza kama ukucha wako una fangasi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulionenepa, ukawa wa njano na kumeguka si lazima uwe fangasi. Karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi: ni viatu vinavyobana, kujikwaa kwa zamani, umri, au soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba (hebu kagua kucha za mikono kama zina vishimo vidogo). Kwa hiyo usinunue vidonge vya fangasi kwa kubahatisha. Humezwa kama wiki 12 na vinaweza kudhuru ini. Ukucha ukwanguliwe kwanza, upimwe maabara. Hata ukitibiwa vizuri, ukucha mpya huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota. Lakini kama una kisukari, au kuna mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha, nenda hospitali wiki hii hii.