Nyonga ya bandia: fimbo, mbuzi ya nazi, boda na mengine mliyouliza

Barua za nyonga zimezidi, na nyingi hazijibiki. Mtu anaandika "nimebadilishiwa nyonga, mguu unauma, nifanyeje?" basi. Hasemi mguu upi, ana wiki ngapi tangu operesheni, wala kama daktari alipitia nyuma ya nyonga au mbele. Hilo la mwisho si dogo. Aliyepasuliwa kwa nyuma anakatazwa kukunja nyonga sana, kupishanisha miguu na kugeuza vidole ndani. Wa mbele anakatazwa kuupeleka mguu nyuma na kugeuza vidole nje. Ukifuata masharti ya jirani yako unaweza kuteguka. Nisipotaja, ninamzungumzia aliyepasuliwa kwa nyuma.

Nina wiki ya tano, nyonga ya kulia. Nimeacha magongo, nimebaki na fimbo moja. Naishika mkono wa kulia ili iubebe mguu mgonjwa, lakini bado nachechemea. (Mama, Tanga)

Hamisha fimbo, mama. Mkono wa kushoto. Hili nalijibu kila mara na kila mara linarudi.

Unapokanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, misuli ya pembeni ya tako la kulia ndiyo inayozuia kiuno kisidondoke upande wa kushoto. Misuli hiyo ililala miaka yote uliyokuwa na maumivu, kisha ikapita operesheni. Fimbo ikiwa mkono wa kushoto inakinyanyua kiuno pale pale kinapotaka kudondoka. Ikiwa kulia, unaulaza mwili mzima juu yake, na baada ya miezi michache kuchechemea kunakuwa mwendo wako. Fimbo na mguu wa operesheni vitangulie pamoja, mguu mzima ufuate. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza.

Urefu wake: simama wima na viatu vyako, mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Fimbo ya marehemu babu ikatwe kwanza. Mpira wa chini ukishalainika ununue mwingine. Kwenye sakafu ya vigae yenye maji, mpira uliolika ni hatari kuliko kutembea bila fimbo.

Zoezi lenyewe: shika meza nzito, inua mguu wa operesheni kwenda pembeni, vidole vikitazama mbele, mgongo wima. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Utaiacha fimbo siku utakaposimama mbele ya kioo kwa mguu wa operesheni na kiuno kikabaki sawa. Kalenda haihusiki.

Lini nitarudi kwenye mbuzi kukuna nazi? Mkwe wangu anakuna vibaya. (Bibi, Pangani)

Shikamoo bibi. Mbuzi ni adui wa nyonga mpya kuliko kitu kingine chochote jikoni, na nimefurahi umeuliza kabla ya kuketi. Kimo chake ni kama shubiri moja tu. Ukikaa, magoti yanapanda juu ya nyonga, mapaja yanabana ubao, kisha unainama mbele kulifuata kifuu. Katazo la kukunja nyonga sana unalivunja papo hapo. Ndani ya nyonga, shingo ya chuma inagonga ukingo wa kikombe cha bandia kwa mbele na kichwa kilicho juu ya shingo hiyo kinachomoka kwenye kikombe kwa nyuma, upande ule ule uliopasuliwa ambao nyama zake bado zinaunga. Mguu unafupika, unageuka ndani, na kusimama haiwezekani. Ikitokea hivyo asiuvute mtu yeyote nyumbani. Nyonga hurudishwa mahali pake hospitalini kwa dawa ya usingizi, baada ya eksirei.

Miezi 3 ya kwanza, hapana kabisa. Baada ya hapo daktari wako anaweza kukulegezea. Maoni yangu, ambayo hukuniuliza: achana nayo moja kwa moja. Fundi akufungie ulimi wa mbuzi kwenye meza ukune umekaa kitini, au nunua nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni. Mkwe naye aelekezwe.

Nyonga nyingi zinazoteguka huteguliwa na vitu vya chini vilivyomo nyumbani: kigoda, sofa linalozama, godoro la sakafuni, choo cha kuchuchumaa. Pima nyumba yako kabla ya operesheni, sio siku ya kuruhusiwa huku teksi inasubiri nje. Ukikaa, magoti yawe chini ya nyonga. Kwa watu wengi kiti cha sentimita 45 hadi 50 kinatosha, mrefu ataongeza. Chooni, mwambie fundi atengeneze kiti cha mbao au chuma chenye tundu, miguu minne iliyotanuka, na mikono ya kushikia. Kile kiti cha plastiki kilichotobolewa kwa kisu miguu yake hutanuka na kuteleza, nawe unaanguka nacho, kiuno kwenye sementi. Kukaa: rudi nyuma mpaka kiti kikuguse kigimbi, sogeza mguu wa operesheni mbele, shika mikono ya kiti, ndipo ushuke.

Naweza kuendesha gari lini? (Msomaji, Nakuru)

Wengi ni wiki ya 6, ikiwa unaweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita na hunywi dawa kali za maumivu.

Mama ana wiki ya pili. Kigimbi kimevimba na kinauma. Tumchue kwa mafuta ya karafuu au ya mchaichai? (Binti, Temeke)

Msimchue kwa chochote. Mpelekeni hospitali leo. Inawezekana damu imeganda kwenye mshipa, na kuchua kunaweza kulibandua donge likaenda mapafuni. Akianza kukosa pumzi, kubanwa na kifua au kukohoa damu, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo. Halafu angalieni dawa ya kuzuia damu kuganda: hutolewa mpaka siku 28 au 35, na nyumba nyingi huiacha siku mshono unapokauka kwa sababu "amepona". Akiwa bado anaitumia, asichanganyiwe diklofenaki ya dukani. Anaweza kuvuja damu tumboni.

Tendo la ndoa? (Wengi, wote wakiomba majina yafichwe)

Wiki ya 6 kwa wengi, mshono ukiwa umefunga vizuri. Aliyefanyiwa operesheni, mume au mke, alale chali, miguu imeachana kidogo, magoti yasivutwe kifuani, vidole visigeuzwe ndani. Masharti ni yale yale ya kiti. Muulizeni daktari mkiwa kliniki. Mnakaa mnatazama dari mpaka zamu inaisha.

Sijda nitaiweza? (Mzee, Zanzibar)

Shikamoo mzee wangu. Kwa sasa sali kitini. Mgonjwa ana ruhusa, hilo imamu wako atakuthibitishia. Baada ya miezi 3 au zaidi, daktari akiridhika, anza kujifunza kupiga goti ukiwa na mtaalamu wa mazoezi tiba: mguu mzima ukanyage mbele, goti la operesheni litangulie chini, mkono ushike kiti. Wengine hufika sijda kamili, wengine hubaki kitini, na wote wako salama.

Nina miaka 29, nyonga ilioza, nimebadilishiwa miezi 4 sasa. Nataka kurudi kwenye boda na mpira. Itadumu? (Kijana, Kahama)

Kumbukumbu za nchi zinazofuatilia nyonga hizi zinaonyesha kwamba katika kila 100, karibu 58 hufika miaka 25. Ila wengi wa hao ni wazee. Kijana anatembea zaidi, anabeba zaidi, na ana miaka mingi mbele; jiandae kwamba utabadilishiwa tena. Mpira sahau. Kutembea, kuogelea na baiskeli ya kawaida ruksa. Boda siipendi. Nyonga yenyewe inaweza kuistahimili, ila ukianguka mfupa wa paja huvunjika kando ya chuma, na kuuunga ni kazi kubwa kuliko operesheni ya kwanza. Bajaji ina nafuu, hailali na mguu wako.

Hukusema nini kiliiozesha. Kama ni selimundu, endelea na kliniki yako. Kama ni pombe, acha. Kama ni dawa za jamii ya steroidi, nyonga ya pili inaweza kufuata njia hiyo hiyo. Na hapa nawageukia wanaomeza vidonge vya kunenepesha mwili na makalio, vinavyouzwa kwenye vikopo visivyo na jina: vingine ni deksamethasoni, nayo ni steroidi, na inaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja ndani ya nyonga kimya kimya. Ila mwenye kuandikiwa steroidi na daktari asizikatishe ghafla, amuone aliyemwandikia.

Mshono ulikauka, wiki ya tatu ukaanza kutoa majimaji. Nimenunua amoksilini, yakapungua, yamerudi. (Msomaji, Morogoro)

Acha duka la dawa. Rudi kwa aliyekupasua, kesho. Wadudu wakishajishikiza kwenye chuma hujifunika utando ambao vidonge havipenyi. Wakiwahiwa, daktari anaweza kuosha ndani, akabadilisha kipande cha plastiki kilichomo kwenye kikombe na kukiacha chuma. Ukichelewa, vinatolewa vyote, unakaa wiki kadhaa na dawa, ndipo unawekewa vingine. Tena kila kidonge cha kubahatisha kinamficha mdudu maabara isimwone. Na sindano ya tako isichomwe upande huo.

Nitalia kwenye mashine ya uwanja wa ndege? (Msomaji, Muscat)

Huenda. Waambie kabla hujapita.

Mguu mpya umekuwa mrefu. Fundi viatu anasema aongeze soli upande wa pili. (Mama, Moshi)

Una muda gani? Hukusema. Chini ya miezi 3 usiongeze kitu: kiuno kilipinda kwa miaka kukwepa maumivu, na kinachukua muda kunyooka. Wengi hisia hiyo huisha yenyewe. Tofauti halisi ya chini ya sentimita 1 kwa kawaida haihisiwi. Ikibaki baada ya hapo, usikubali futi ya fundi cherehani. Omba eksirei ya kiuno ukiwa umesimama, ndipo soli ikatwe kwa kipimo hicho.