Kabla hujaweka indeksi, kaa na karani

Juzi kijana mmoja wa Likoni aliniandikia: "Kaka, nina jedwali kwenye Cassandra, nataka kutafuta kwa safu ambayo si ufunguo. Niweke indeksi?" Cassandra ni hifadhidata inayogawa rekodi kwenye seva nyingi, na indeksi ni faharasa ya kutafutia. Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye feri, moyo ukanipiga. Swali hilohilo ndilo lililoninyang'anya mradi nilioupenda kuliko yote.

Nilikuwa nikijenga mfumo wa kufuatilia makontena kwa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao Shimanzi. Seva 6, kila rekodi nakala 3. Ufunguo wa patisheni, yaani ule unaoamua rekodi ikae fungu gani na seva gani, ulikuwa nambari ya kontena, zile herufi 4 na tarakimu 7. Ukiwa nayo, mfumo unaipiga heshi, yaani unaigeuza kwa hesabu kuwa namba nyingine, na heshi inaonyesha papo hapo ni seva gani zinazoishika rekodi. Jibu lilikuja kabla hujapepesa jicho. Nilijiona fundi.

Kisha karani, mama mtu mzima, akanijia na daftari lake. "Mwanangu, nambari ninazo. Asubuhi mimi nataka kujua ni makontena gani yameshalipiwa ushuru na bado hayajatoka." Nikamwambia, "Hilo dakika moja tu, mama." Nikaweka indeksi juu ya safu ya hali, nikaijaribu kwa rekodi 500 kwenye laptopu yangu, ikaenda mbio. Nikashuka kunywa kahawa.

Indeksi ya kawaida ya Cassandra haitoki nyumbani. Kila seva hujiwekea faharasa ya rekodi zake tu, ya jirani haijui. Ukiuliza bila ufunguo wa patisheni, seva uliyoiuliza inapiga hodi kwa wenzake, mlango baada ya mlango. Hali zangu zilikuwa 5 tu, kwa hiyo kila mlango ulirudisha rundo. Tena kontena hubadilika hali kila mara, na kila badiliko hufuta ingizo la zamani. Kilichofutwa hakiondoki hapo hapo. Huacha alama, wanayoiita jiwe la kaburi, mpaka mafaili yaunganishwe upya. Swali moja likikutana na alama zaidi ya 100,000, Cassandra kwa mpangilio wake wa kawaida hulikata.

Likakatwa Ijumaa jioni. Madereva wamejaa dirishani, skrini haina kitu, na yule mama anaandika nambari za makontena kwa biro, moja moja, mkono unamtetemeka. Sitausahau mkono ule.

Jumatatu mkubwa wangu alisema mbele ya wote kwamba nilikuwa nikijifunzia kwenye mali ya watu. Mradi akapewa mwingine. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu wikiendi ile sikulala na dawa nilikuwa nimeshaipata: jedwali la pili, ufunguo wake ni tarehe ya malipo, ndani yake nambari za makontena. Kontena likitoka, naweka alama ya "limetoka" tu, sifuti. Majedwali yote mawili yanaandikwa kwa bechi moja, lisibaki moja nyuma. Karani anasoma siku 7 za nyuma, patisheni 7, basi.

Ndugu zangu tunaotaka kujenga mifumo mikubwa hapa Pwani, tuache uvivu. Swali linaloulizwa kila saa lijengeeni jedwali lake. Diski ni rahisi kuliko aibu. Mtaniambia kuna vyuu, yaani nakala za jedwali zinazojiandika zenyewe, zilizokuja na toleo la 3.0 mwaka 2015. Baadaye waliozitengeneza wenyewe waliziita za majaribio, na toleo la 4.0 likaja zikiwa zimezimwa. Mtaniambia kuna SAI, indeksi mpya ya toleo la 5.0 la mwaka 2024. Ni nzuri, naitumia, inabeba safu kadhaa kwa pamoja na hailemei diski kama ya zamani. Lakini nayo kila seva inajua ya kwake tu. Itumieni mkiwa na ufunguo wa patisheni mkononi. Jedwali kwa swali, nasema tena, jedwali kwa swali.

Na wewe mdogo wangu wa Likoni, umenitajia safu, hukuniambia muulizaji. Niandikie ni nani anayeuliza, mara ngapi kwa siku, na anapouliza ana nini mkononi: nambari, tarehe, au jina la mteja. Ukinitumia leo, nitakujibu usiku huu huu.