Wasioelewana lugha wanaimbaje pamoja?
Umeuliza watu wasiojua lugha moja wanawezaje kuimba kwaya moja. Wanaanza na pumzi, kwa kuvuta hewa pamoja, kisha wanasikilizana. Ukiimba sauti ya tatu huna budi kumsikiliza wa besi (sauti nzito ya chini), la sivyo wimbo unapotea. Maneno ya kigeni hukaririwa silabi kwa silabi mpaka ulimi uzoee (matamshi hutesa kuliko noti, kwa maoni yangu). Michezo ya Kwaya ya Dunia, iliyoanzia Linz, Austria, mwaka 2000, huleta kwaya za mabara mbalimbali kwa mtindo huohuo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi wa nguvu ya kuimba pamoja, hata kwa wenye lugha moja, ni Estonia, nchi ya Ulaya Kaskazini. Wana tamasha la kuimba tangu 1869, na mwaka 1988 umati mkubwa ulikusanyika Tallinn, mji mkuu, kuimba nyimbo za kizalendo chini ya utawala wa Kisovieti. Uhuru ulirudi 1991.