Nyumba ya kufukiwa kwenye udongo mweusi wa Kitengela
Kujenga nyumba yenye kuta zilizofukiwa ardhini kwenye udongo mweusi wa Kitengela, Kenya, inawezekana, mradi usirudishie nyuma ya ukuta udongo uleule uliochimba. Udongo huo ukinywa maji ya masika unavimba na kuusukuma ukuta kwa ubavu. Kiangazi unanywea, unaacha nyufa zinazopeleka mvua ijayo moja kwa moja hadi kwenye msingi. Nimechimba misingi ya kutosha huku: tunauondoa udongo mweusi wote mpaka tukute maramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba, kisha nyuma ya ukuta tunajaza kokoto, na chini kabisa bomba la matundu la kutoa maji. Ukuta wenyewe uwe wa zege lenye nondo, si mawe matupu. Ila tabaka jeusi likiwa nene sana, gharama ya kuchimba itakuumiza. Afadhali ujenge juu ya ardhi halafu uzungushie tuta la maramu.