Feni ya mkanda au feni ya umeme: kwako unayeanza kazi ya gereji

Mteja anakuja na gari la zamani, tuseme Mark II GX100, na hata boneti hujafungua anakwambia, "Fundi, nitolee hii feni ya mkanda, niwekee ya umeme." Anazungumzia feni inayopoza rejeta, lile sanduku la mirija la kupozea maji ya injini, ambayo inazungushwa na mkanda wa injini. Kaambiwa kijiweni kwamba ya umeme ndiyo dawa ya gari linalochemsha. Usikimbilie kukubali wala kukataa. Muulize linachemshia wapi.

Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia. Gari linalopandisha temperecha kwenye foleni ya Buguruni saa kumi na moja jioni, halafu likipata barabara nyeupe mshale unarudi mahali pake, limekosa upepo. Hapo feni inahusika. Ila gari linalotulia mjini likaja kuchemsha baada ya Kibaha, limenyooka kwenye lami kwa mwendo wa 90 au 100, hata ulifungie feni tatu halitapona. Kwenye mwendo huo upepo wa barabarani wenyewe unapita kwenye rejeta kwa nguvu ya kutosha, feni iwepo isiwepo. Tafuta kwingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyolika mapanga yake kwa ndani, gasketi ya silinda hedi inayosukuma gesi ndani ya maji. Hapa Dar rejeta kuziba ni kawaida mno, kwa sababu watu wanajazia maji ya kisima, na visima vingi vya huku kwetu vina chumvi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, chungulia. Ukiona kutu na ukoko mweupe kwenye midomo ya mirija, habari ya feni iweke pembeni kwanza.

Na ukikuta themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, imeng'olewa, irudishe kabla hujapima kitu kingine chochote. Mazoea ya kuitupa yameenea sana kwenye gereji zetu. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Gari lililoondolewa themostati "ili lisichemshe" linaweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye feni zenyewe. Nakuomba uondoe kichwani wazo kwamba moja ni ya kizamani na nyingine ni ya kisasa. Mark II, Hilux, Hiace za injini ya 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ, hata Corolla KE70, injini imelala kwa urefu na uso wake unatazamana na rejeta. Mtengenezaji akaifunga feni kwenye shafti ya pampu ya maji, mkanda ukaizungusha, kazi ikaisha. Corolla kama AE100, Starlet na Vitz zina injini iliyolala kwa upana. Mkanda uko ubavuni, feni haina pa kushikia, ndiyo maana zikapewa ya umeme.

Feni ya mkanda inafuata mzunguko wa injini, na hapo ndipo penye uzuri wake na udhaifu wake. Gari likiwa sailensa kwenye foleni, yaani injini inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, injini inazunguka 700 au 800 kwa dakika, feni nayo inajivuta. Ndiyo saa unayoihitaji zaidi. Lakini ichukue Hiace iliyojaa, au Land Cruiser yenye mzigo, inayopanda Kitonga kwa gia ya pili. Mwendo ni mdogo, upepo wa barabarani ni haba, injini iko juu, yaani inazunguka kwa kasi, na inatoa joto kubwa. Feni ya mkanda hapo inazunguka kwa nguvu zote na inavuta hewa nyingi ajabu. Feni ya umeme ingebaki na nguvu ileile iliyokuwa nayo Buguruni. Kwa sababu hiyo gari la dizeli la kazi, la mzigo na safari za mikoani, mimi simshauri mtu abadilishe. Natengeneza iliyopo.

Kutengeneza iliyopo kunaanzia kwenye klachi ya feni, lile duara la aluminiamu katikati. Ndani yake mna oili nzito ya silikoni. Usoni pana springi bapa iliyojikunja, nayo inahisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa ya baridi, oili inakaa kwenye chumba chake na feni inateleza. Hewa ikipata moto, springi inafungua tundu, oili inaingia kati ya sahani, feni inashikwa na kuanza kuvuma.

Ipime hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, shika panga la feni ulizungushe kwa mkono. Klachi nzima inakupa ukinzani wa wastani, ukiachia feni inasimama karibu palepale. Ikiendelea kuzunguka yenyewe raundi kadhaa, oili imeisha. Ikigoma kabisa, klachi imekamata. Halafu shika ncha ya panga uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imekwisha, na mara nyingi pampu ya maji iliyo nyuma yake imeshaanza kuumia. Pitisha kidole kuzunguka shafti nyuma ya klachi: vumbi lililoganda kwa mafuta ni silikoni iliyovuja. Baada ya hapo washa gari, liache lipate moto hasa, zima, uzungushe tena kwa mkono, ukiwa umeshika kitambaa. Sasa lazima iwe nzito kuliko asubuhi. Kama hakuna tofauti, umeshampata mgonjwa wako.

Klachi nyingi za Toyota zimefungwa kwa skrubu, zinafunguka. Toyota wenyewe wanauza oili ya silikoni kwenye vichupa vya mililita 18, kwa unene tofauti tofauti, na klachi iliyoishiwa oili lakini yenye beringi nzima inaweza kurudi kazini vizuri. Kitu ambacho sitaki ukifanye ni kuichomelea ili feni ishike moja kwa moja. Utaona wengi wakifanya, na foleni itaonekana imepona. Lakini sasa ile feni inazunguka kwa nguvu zote hata kwenye barabara kuu. Inapiga kelele, inakula mafuta, inailemea beringi ya pampu, na panga la plastiki lililochoka likipasuka kwenye mzunguko wa 5,000 linaingia kwenye rejeta au kwenye boneti. Mtu anayekuamini na gari lake hastahili kazi ya namna hiyo.

Kabla ya klachi, hata hivyo, kuna kitu cha kutazama kwa macho tu: kava ya plastiki inayoizunguka feni. Magari mengi yanayofika gereji hayana. Fundi fulani aliitoa wakati wa kubadilisha pampu, akaona inamchelewesha kuirudisha, ikaishia nyuma ya ukuta. Bila kava feni inazungusha hewa ileile ya moto kwenye ncha za mapanga badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kuna Mark II ya mama mmoja wa Kimara ililetwa ifungwe feni ya umeme. Klachi ilikuwa nzima, maji safi, themostati ipo. Kava haikuwepo. Nilimwambia, "Mama, hela ya feni kaa nayo kwanza, tutafute kava." Tuliipata Kariakoo kwenye spea za mtumba. Nikaifunga huku nikihakikisha nusu ya upana wa panga iko ndani ya kava na nusu iko nje, kama inavyotakiwa, na gari likaacha kuchemsha kwenye foleni. Kazi ya namna hii hailipi sana siku hiyo, lakini ndiyo sahihi.

Haya, kuna wakati feni ya umeme ni uamuzi mzuri. Gari la petroli la kuzungukia mjini, AC inawashwa kutwa, klachi imekufa na inayopatikana ni ya hovyo. Sifa kubwa ya feni ya umeme ni kwamba haijali injini iko sailensa au la: inazunguka kwa nguvu yake yote pale unapoihitaji. Kwa jiji la joto na foleni kama hili, hoja hiyo ina uzito.

Lakini umeme wake unatoka wapi? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Feni moja kubwa inavuta ampea 20 hadi 30, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri, kwenye gari la zamani mara nyingi ni ya ampea 50 au 60, na hizo inazitoa injini ikiwa juu. Ikiwa sailensa inatoa sehemu tu. Kwa hiyo kwenye foleni usiku, taa kubwa zimewaka, AC na bloa (feni ya kupuliza hewa ndani ya gari) vinafanya kazi, waipa zinafuta mvua ya masika, ndipo unaiongezea feni. Udhaifu wa sailensa uliokuwa kwenye feni ya mkanda umehamia kwenye alteneta. Betri inaanza kufidia, na baada ya wiki kadhaa mteja anarudi kulalamikia betri.

Pima kabla hujanunua chochote. Gari sailensa, washa taa, bloa hadi mwisho, AC, waipa. Iunge feni ya kuazima moja kwa moja kwenye betri kwa muda, subiri dakika chache, weka mita kwenye nguzo za betri. Ikisimama kwenye volti 13 na ushee, endelea. Ikishuka chini ya hapo na kuzidi kushuka, anza na alteneta au achana na mpango mzima. Na angalia kwanza mfumo ni wa volti ngapi: baadhi ya dizeli zilizotoka Japani zina volti 24, feni ya volti 12 humo inaungua.

Ukinunua feni ya mtumba, chukua kitengo kizima pamoja na kava yake, kinachofunika rejeta kwa upana unaoweza kupata. Feni tupu iliyobanwa katikati ya rejeta inapoza duara lake tu. Ifunge nyuma ya rejeta, ivute. Ukiiweka mbele inazuia upepo hata pale isipofanya kazi. Ukishaiunga, weka karatasi kwenye grili ya mbele: lazima inyonywe ishike. Ikipeperuka, umegeuza nyaya, na feni inapigana na upepo wa barabarani.

Nyaya zinataka heshima. Umeme wa feni upite kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya ampea 40, kamwe usipite kwenye swichi ya dishibodi. Mguu wa 30 unapokea kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 unakwenda kwenye feni, 85 na 86 ni za kuamuru. Waya wa njia kuu usiwe chini ya milimita 4 za mraba. Mahali pa ethi, pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi, pakwangue hadi chuma cheupe kionekane, kwani hewa ya chumvi ya Dar inapala haraka. Feni ikiwa inazunguka, pima volti kwenye betri, kisha kwenye plagi ya feni yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungo kibovu.

Usifunge "dairekti" kwenye swichi ya funguo, feni izunguke muda wote. Kumfikisha mtu nyumbani, sawa. Kama kazi ya kudumu, brashi za mota zitaisha mapema, na zikiisha feni inakufa kimya, dereva anagundua mshale ukiwa umeshafika kwenye nyekundu. Funga swichi ya joto. Kama themostati inafungua nyuzi 82, swichi iliyo upande wa maji ya moto iwashe kwenye 92 hadi 95. Ukiweka inayowasha chini ya themostati, feni haitazima. Ikiwa swichi inakaa chini ya rejeta, ambako maji yameshapoa, chagua inayowasha mapema zaidi. Ongeza na waya wa AC, ili AC ikiwaka na feni iwake.

Mtego mmoja wa mwisho: kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 swichi ya joto ya feni inafanya kazi kinyume na unavyodhani. Ikiwa baridi imeunganisha, ikipata moto inakata, na relei yake imepangwa kwa mtindo huo. Ukichomoa plagi ya swichi huku funguo imewashwa, feni inatakiwa izunguke. Ukichukua swichi hiyo ukaifunga na relei ya kawaida, feni itazunguka injini ikiwa baridi na kusimama ikipata moto. Ipime kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mita ikiwa kwenye miguu yake, ujue ni ya aina gani kabla haijaingia kwenye rejeta.

Siku ya kukabidhi, liwashe gari mchana jua likiwa kali, sailensa, AC imewaka, uone mshale unatulia. Kisha zima AC uendelee kusubiri hadi feni iwake na kuzima yenyewe zaidi ya mara moja. Mwonyeshe mteja fyuzi na relei ziko wapi, na umfungie taa ndogo kwenye dishibodi inayowaka feni inapopata umeme. Mwambie pia asiingize mkono kwenye feni hata injini ikiwa imezimwa, maana ikiwa imeungwa moja kwa moja na betri, inaweza kuamka wakati wowote maji yakiwa bado ya moto.