Ndugu yangu hakuripoti kwa afisa wa probesheni

SWALI: Assalaam alaykum. Ndugu yangu ni mvuvi hapa Faza. Hakimu wa Lamu hakumfunga, bali alimpa probesheni, yaani kukaa nje chini ya uangalizi wa afisa, kwa mwaka mmoja na nusu kwa kosa la wizi. Upepo wa Kusi ulipochacha alikosa kwenda kuripoti mara mbili, na sasa ameletewa samansi. Wenzake wanamshauri akimbilie Mombasa mpaka mambo yapoe. Hatuna pesa za wakili. Tufanyeje?

Dada mtu, Faza

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Kwanza kabisa, asikimbie. Asipoitikia samansi, hakimu atatoa amri akamatwe, na lile kosa dogo la kutoripoti litaonekana kuwa ni ukaidi. Na kwa kuwa maji ya Mkanda, mlango wa bahari zinamopita boti za kwenda Lamu, hayamngojei mtu, avuke siku moja kabla ya kesi, alale Lamu.

Kesi hii haihusu tena kama aliiba au hakuiba. Chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 64, mahakama itachunguza kama amevunja masharti aliyopewa, na jambo hilo lazima lithibitishwe. Likithibitishwa, hakimu anaweza kumtoza faini na kumwacha aendelee na probesheni yake, au anaweza kumhukumu upya kwa ule wizi wa awali, na hapo ndipo penye hatari ya jela. Kwa hiyo sababu ya kutofika ina uzito mkubwa, lakini bahari kuchafuka ni maneno matupu mpaka pawe na mtu wa kuyashuhudia. Mtafuteni nahodha wa boti anayosafiria, au kiongozi wa BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo), aeleze kama siku zile vyombo vilitoka au havikutoka. Chifu naye anaweza kuandika barua. Ikiwa alimpigia afisa wake simu au alimtumia ujumbe, asiufute. Kisha aende mwenyewe kwa afisa huyo kabla ya siku ya kesi, kwa sababu mara nyingi hakimu husikiliza sana ripoti yake, na mahakama ina uwezo wa kubadilisha masharti yasiyotekelezeka kwa mtu wa visiwani.

Mahakamani, akiulizwa kama ni kweli hakuripoti, asijibu “ni kweli” akanyamaza, maana neno hilo huandikwa kuwa amekiri. Aeleze papo hapo kilichomzuia. Ikiwa karatasi zimeandikwa kwa Kiingereza, aombe mkalimani, ambaye Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa bila malipo.

Kifungu hicho hicho kinampa mshtakiwa wakili wa kulipwa na serikali pale ambapo bila wakili dhuluma kubwa ingetokea. Jambo hili halitolewi kwa kila mtu, lakini haligharimu kitu kuliomba, na linaombwa kwa hakimu mwenyewe. Ombeni pia kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu wasio na uwezo kama nyinyi. Nawasihi msimpe pesa mtu yeyote wa vibarazani anayedai kumjua hakimu.

Ikiwa, Mungu apishe mbali, atafungwa, ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Ombeni nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo, kabla hamjapanda boti ya kurudi.