Muziki wa Kusubiri kwenye Simu za Ofisi: Maelezo kwa Fundi Anayeanza

Ukipewa kazi ya kufunga mtambo wa simu katika ofisi yenye ekstensheni (simu za ndani) kumi au ishirini, muziki wa kusubiri huachwa mwisho kabisa, ukawekwa saa kumi na moja jioni wakati mwenye ofisi ameshashika funguo mkononi. Nami niliufanyia hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka nilipotambua kwamba sehemu kubwa ya malalamiko niliyokuwa nikiitiwa baadaye ilitokana na hiyo nusu saa ya haraka haraka.

Kwanza hakikisha mmeelewana na mteja. Hapa Dar es Salaam wengi husema wanataka "muito", kwa sababu wamezoea miito ya nyimbo inayouzwa na kampuni za simu za mkononi. Muito husikika kabla simu haijapokelewa, nao hutoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Muziki wa kusubiri husikika baada ya simu kupokelewa, pale mpokezi anapobonyeza kitufe cha kumsubirisha mpigaji ili amtafute mhasibu, na huo ndio unaotoka kwenye mtambo uliofunga wewe. Jambo hili lisipowekwa wazi mapema, mteja atakuita kesho yake akidai kwamba akijipigia hasikii wimbo wowote.

Sauti ndiyo yenye mambo mengi. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti zilizo kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa hiyo besi na ile milio ya juu ya matoazi hupotea njiani. Kodeki ni njia ya kugeuza sauti kuwa data ili ipite kwenye simu. Ile ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde na hubeba muziki kwa kiasi cha kuridhisha, G.729 hutumia kilobiti 8, nayo iliundwa kwa ajili ya maneno ya mtu anayezungumza, hivyo ukiipa bendi nzima itakurudishia kitu kama kwaya inayoimba ndani ya pipa la maji. Aidha, mpigaji wa simu ya mkononi yuko nyuma ya kodeki nyingine, ambayo nayo ilibuniwa kwa maongezi.

Hayo niliyajua kwenye karatasi kabla ya kuyajua kwa masikio. Ofisi moja ilinipa wimbo unaoanza kwa fidla za taratibu kwa muda wa sekunde kumi na tano hivi, nikaujaribu kwa simu ya mezani iliyokuwa kando ya seva, ukawa mtamu. Wiki iliyofuata nikaambiwa kwamba wateja wanakata simu mara tu wanapoombwa kusubiri. Nilitoka barabarani nikapiga kwa simu yangu ya mkononi: kimya chenye mikwaruzo, kisha mwimbaji akaibuka ghafla kwa sauti kubwa. Kila aliyepiga alikuwa ameamini kwamba laini imekatika.

Tangu hapo huchagua muziki wa ala chache, kama gitaa moja, piano au marimba, nami hukata utangulizi wowote wa kimya ili sauti isikike ndani ya sekunde ya kwanza. Faili hubadilishwa kwa programu kama Audacity au SoX liwe WAV ya biti 16, hezi 8,000 na chaneli moja. Lisikilize tena baada ya kuunganisha chaneli mbili kuwa moja, kwani zipo rekodi ambazo ala zake hufutana zinapokutana. Punguza pia sauti yake, mpigaji asilazimike kuisogeza simu mbali na sikio.

Kwenye Asterisk, programu ya kuendeshea mtambo wa simu, mafaili huwekwa katika folda ya /var/lib/asterisk/moh, kisha unatoa amri ya moh reload. Ukisikia kimya, usianze kuvuruga mipangilio. Tazama kwanza kama faili lilinakiliwa kwa jina la root (msimamizi mkuu wa kompyuta) na mtumiaji wa asterisk hana ruhusa ya kulisoma.

Kuhusu haki, kuununua wimbo hakumpi mwenye ofisi ruhusa ya kuupiga kwenye simu ili wateja wake wausikie. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na pa kuulizia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Mimi huona ni nafuu kumlipa mpiga gitaa wa mtaani arekodi dakika tano, mkaandikishana na kutia saini.

Kumbuka vilevile kwamba kwa kawaida anayesubiri anatumia salio lake. Tangazo la "simu yako ni muhimu kwetu" likikatiza muziki kila baada ya sekunde kumi, humshtua mtu akidhani amepokelewa. Mfundishe pia mpokezi kubonyeza kitufe, kwa maana wengi huulaza mkono wa simu mezani, na mpigaji husikiliza ofisi nzima ikimjadili.

Kabla sijaondoka humwomba mwenye ofisi atoke nje, apige kwa simu yake mwenyewe na asubirishwe dakika mbili zilizopimwa kwa saa. Mmoja alikata sekunde ya arobaini, akarudi ndani na kuagiza aongezwe mtu wa pili wa kupokea simu.